Jifunze Salamu Kabla ya Kutua Mzigo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Kitengela, mwanangu, nimeketi mlangoni mwa chumba cha mabati na binti yangu Mutheu mapajani, nikiwatazama akina mama wa Kimaasai wakipita na vibuyu vya maziwa. Walinipita kana kwamba mlango ule haukuwa na mtu. Wakaenda kumuuzia jirani, wakarudi, wakanipita tena. Na mimi ndiye niliyekuwa na mtoto mchanga anayelia njaa.

Usidhani Kitengela ilikuwa hii ya magorofa na foleni za magari unayoijua. Ilikuwa nyasi, upepo na nyumbu wanaokutazama kana kwamba wewe ndiye umepotea. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, nami nikamfuata kutoka Kitui nikiwa msichana tu, mdomo mrefu na akili fupi. Wenyeji walikuwa Wamaasai, na sisi tuliokuja tulikuwa wachache. Baada ya kujifungua, homa ilinishika ikanikausha maziwa. Mutheu nilikuwa namnywesha uji mwepesi, na mikono yake ilizidi kuwa miembamba. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka usingizi ukanihama.

Nilijiambia kwamba wananichukia kwa kuwa mimi ni Mkamba. Si babu zetu na babu zao waliibiana ng'ombe tangu zamani? Basi nikafunga nguo zangu kwenye leso, nikamwambia mume wangu kwamba narudi kwetu. Kwetu nako kulikuwa na ukame, hata mbuzi walikuwa wamekauka viwele. Yeye alijua, nami nilijua, kwamba huenda mtoto asifike. Lakini mtu akishaamini kwamba hatakiwi, haoni tena la maana.

Nikatoka, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Sijafika mbali, kitoto cha Kimaasai kikanijia njiani, kikasimama mbele yangu na kuinamisha kichwa. Nilikuwa nimewaona watoto wao wakifanya hivyo tangu nilipohamia, nikidhani ni haya tu, au labda wanaficha kamasi. Nikapita kando kama kawaida yangu.

"Wewe mama! Simama hapo!"

Alikuwa Koko Nashipai, bibi wa mtoto yule, ambaye boma zote za upande ule zilimheshimu. Koko ndivyo wanavyomwita nyanya kwa Kimaasai. Alikuja na mkongojo wake akanisimamia mbele, mfupi kuliko mimi, lakini nilijiona nimekuwa mdogo kuliko yule mjukuu.

"Mtoto yangu amekupatia kichwa, wewe unapita. Kila siku unapita. Watoto yetu wamekukosea nini?"

"Koko, mimi sijui maana yake."

"Hujui? Na hiyo mdomo Mungu alikupatia ni ya kula ugali peke yake? Si ungeuliza!"

Akanishika mkono, akakibandika kiganja changu juu ya utosi wa mtoto. "Sema supa." Nikasema. Mtoto akainua uso, akacheka, akakimbia zake.

Kumbe ndiyo heshima yao. Mtoto humpa mkubwa kichwa, na mkubwa humgusa kwa salamu na baraka. Usipomgusa umemnyima, na nani atampelekea maziwa mtu anayewanyima watoto wake baraka? Mimi nilikuwa nikinung'unika kwamba wanamnyima mwanangu, kumbe nao wakisema hivyo hivyo juu yangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Lakini Koko hakuwa amemaliza. Akina mama wenye vibuyu walikuwa wamesimama kutazama sinema ya bure, na yeye akawageukia. Alianza kwa Kimaasai, kisha akaingia Kiswahili ili nami nisikie.

"Mgeni akipotea njia, mnamwonyesha. Huyu amepotea hapa mbele yenu, mkanyamaza. Mtoto yake akikufa, mtasema aliuawa na salamu?"

Mmoja wao akateremsha kibuyu begani, akanisaidia kuutua mzigo wangu, akammiminia Mutheu maziwa. Mutheu aliposikia ile harufu ya moshi wanaofukizia vibuyu, alikunja uso na kutema. Akaonja tena. Halafu akanywa, akanywa mpaka akasinzia mdomo wazi, na mimi nikalia pale njiani mbele ya watu bila aibu yoyote. Leso niliifungua jioni hiyo, na sijaifunga tena kwa safari ya kuhama.

Tangu hapo sikuacha kichwa cha mtoto hata kimoja. Watoto walikuwa wakikatiza malishoni kunitafuta! Mgeni mwingine, Halima, alipofika kutoka Garissa na mabunda yake ya nguo za kuuza, nilimfundisha salamu kabla godoro halijashuka kwenye lori, naye akawafundisha waliomfuata. Mji ulijaa, tukawa wengi kuliko wenyeji, lakini mtaani kwetu hakuna mama aliyekosa maziwa kwa kukosa salamu. Hilo najivunia mpaka leo, na atakayeniambia nipunguze majivuno atangoja sana.

Sasa Mutheu huyo ana binti, Mwende, naye ni muuguzi. Amekwenda kufanya kazi kwenye kisiwa kidogo huko Karibi, kidogo hivi kwamba anasema ukikizunguka kwa gari asubuhi unarudi kabla chai haijapoa. Vijana wao wamehamia nchi kubwa kutafuta kazi, kama sisi tulivyotoka Kitui. Nyumba zimefungwa, madarasa yamebaki na watoto wachache, wazee ndio wamejaa wodini bila wa kuwahudumia. Ndiyo maana wakaita wauguzi wa kutoka mbali.

Mwezi wa kwanza haujaisha, akanipigia simu analia, akiniita susu, yaani nyanya kwa Kikamba. "Susu, hawa wazee hawanitaki. Kuna mmoja ananigeuzia mgongo nikimpelekea dawa. Hata kumeza hataki. Mimi narudi home."

Nilimwuliza kama amemwuliza huyo mzee kisa chake. Hakuwa amemwuliza. Nikamsimulia habari za Koko Nashipai, kisha nikamwambia, "Kauliza kwanza. Ukirudi bila kuuliza, mlango wangu utaukuta umefungwa."

Keshoye simu ililia, na kabla sijasema haloo nilisikia kicheko. Alikuwa amemwuliza. Yule mzee alimwambia kwamba kisiwani kwao mtu haingii chumba chenye watu, kiwe duka au wodi, bila kusema habari za asubuhi kwa wote. "Wewe unaingia kimya na kunishika mkono kama unapima nyama," alimwambia. Asubuhi hiyo Mwende alisimama mlangoni, akasalimu kwa sauti, na wodi nzima ikamwitikia. Mzee akameza dawa zake zote, akamwomba na maji ya pili. Nilipiga kigelegele mpaka jirani wa ghorofa ya juu akachungulia dirishani.

Basi mwanangu, shika haya. Dunia inahamahama, leo unapokea, kesho unapokelewa. Ukiwa mgeni, usiseme wananichukia kabla hujasema nifundisheni. Jifunze salamu yao kwanza, hata kabla ya njia ya sokoni. Na wewe uliyezaliwa hapa Kitengela ukadhani mji ni wako, ukimwona mgeni anakosea usikunje uso na kumpita. Mwambie. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini atamponyaje asiyemsemesha?

Mungu akutangulie uendako, akupe mdomo wa kuuliza na moyo wa kuambiwa. Kila mlangoni utakaposimama ukisalimu, aliye ndani akuitikie. Na watoto wa nchi utakayofikia wakuone kwa mbali, waache michezo yao, waje mbio wakupe vichwa.