Mhunzi Aliyekataa Kukata

Mwaka 1944, katika msimu wa kupalilia wimbi, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, niliketi kwenye benchi la mbele la darasa la ubatizo chini ya mlima wa Manga. Kando yangu aliketi mzee mwenye mikono iliyokolea weusi wa makaa, ameshika kitabu cha kusomea kikiwa kichwa chini. Nilikichukua, nikakigeuza, nikamrudishia. “Asante, mkamwana,” alisema. “Hii picha ya ng’ombe ilinitia shaka. Nilisema labda ng’ombe ya wazungu inalala hivi.” Mzee huyo, mhunzi wa ukoo wa mume wangu, alifariki Jumatatu tarehe 2 Februari mwaka huu wa 1959, nasi tukamzika siku mbili baadaye katika mvua ambayo hakuna aliyeitarajia. Wasomaji wangu wa kila mwezi wataniwia radhi nikiahirisha habari za vyama vya maziwa. Leo nina deni la heshima kwa mtu aliyenifundisha maana ya kanisa, ilhali yeye mwenyewe alikuwa bado hajaandikwa humo.

Msomaji asiye wa Kisii anahitaji maelezo kidogo. Zamani zile, mwanamke wa kwetu aliyeolewa kwa taratibu zote alivishwa ebitinge, yaani pete nyembamba za chuma zilizozunguka vifundo vya miguu. Ziligongana na kulia kila alipopiga hatua, hata mama mkwe aliweza kujua mkaza mwanawe yuko kisimani au jikoni bila kuinua kichwa. Hazikuwa na kifungo. Mume akiwa hai, mwanamke aliyeonekana bila ebitinge alikuwa tangazo linalotembea: amemwacha mumewe. Katika darasa letu ni mimi peke yangu niliyekuwa nazo, na marehemu mume wangu wakati huo alikuwa askari Burma. Barua yake ya mwisho ilikuwa imetufikia mwezi wa Januari.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwungwana kutoka pande za ziwani. Lugha yetu ya Ekegusii hakuijua, hivyo alitufundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi nasi tulikuwa tunaijaribu kama mtu anayejaribu viatu vya jirani. Siku moja, baada ya miguu yangu kulia katikati ya sala ya kimya, alitangaza kwamba anayetaka kubatizwa avue mapambo yote. Akamwagiza mhunzi aje na tupa yake ya kukatia chuma siku ya Alhamisi, tarehe 11 Mei. Asubuhi hiyo mama mkwe, ambaye hakuwa wa kanisa lolote, alinisimamisha mlangoni. “Nenda kwa huyo Mungu wenu,” alisema, “lakini ukitoka huko miguu mitupu, usipite hapa. Pitia kwenu moja kwa moja. Na mtoto atabaki.” Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilitembea hadi kanisani nikiutaka ubatizo kwa moyo wangu wote, na nikimtaka mtoto wangu kwa moyo huo huo.

Mhunzi alinikalisha juu ya jiwe nje ya kanisa, akapiga goti, akaishika tupa. Darasa zima lilitoka kutazama.

“Kata, mzee,” mwalimu alisema.

“Nitakata. Lakini kwetu mhunzi anauliza kwanza.” Akaniangalia. “Mkamwana, unamwacha nani?”

“Simwachi mtu, baba.”

Akairudisha tupa mfukoni. “Basi hapa hakuna kazi.”

“Mzee, haya ni mapambo tu,” mwalimu alisema. “Mkristo hajipambi.”

“Mwalimu, mapambo ni kitu mtu anavaa akitaka, anatoa akitaka. Hii haitoki. Hii si mapambo. Hii ni ndoa.”

“Usipokata nitalifuta jina lako katika darasa.”

“Futa, mwalimu. Lakini futa pole pole. Hiyo jina nilijifunza kuiandika juzi tu.”

Watu walicheka, ila mwalimu hakucheka. Alilifuta jina la mhunzi siku hiyo hiyo, na langu akaliwekea alama ya kusubiri. Ningeelewa kabisa kama mzee angerudi kwenye makaa yake na kutuacha na maneno yetu ya kigeni. Wiki iliyofuata, hata hivyo, alikuja saa ile ile, akasimama nje ya dirisha la kanisa, amejifunika gunia kwa sababu ya mvua. Akaja wiki ya pili, na ya tatu, na kila wiki kwa muda wa miezi mitatu. Mwalimu hakuwa na sheria ya kumfukuza mtu aliyesimama nje, wala sidhani kama aliitafuta. Siku moja aliuliza ni mwanafunzi yupi aliyemkana Bwana mara tatu. Sote tuliinamia vitabu, tukiogopa kukosea. Sauti ikatoka dirishani: “Petro! Na yeye hakufutwa!” Mwalimu aligeuka upesi kuuelekea ubao, akaandika neno ambalo halikuwa la somo lile, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nadhani ni kicheko hicho kilichomlainisha. Jioni hiyo alikuja nyumbani kwetu, akaketi kwenye kigoda, akamwomba mama mkwe amweleze ebitinge ni nini. Mimi nilitafsiri. Mama mkwe alieleza kwa muda mrefu, na hakumpunguzia makali. Mwalimu alipoelewa kwamba neno lake moja lilikuwa karibu kumtenga mtoto na mamaye, aliweka bakuli la uji chini bila kulimaliza. Kesho yake aliandika barua kwa wazee wa makanisa ya tarafa nzima, akiomba kikao. Mtu mwenye cheo anapoandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba huenda amekosea, nami nimeona wachache, anastahili kuheshimiwa kuliko yule ambaye hajawahi kukosea.

Mimi niliingia darasa la kwanza la shule nikiwa na miaka ishirini na sita, nyuma ya watoto walionizidi kwa hesabu na kunishinda kwa mbio, wala sioni haya kulisema. Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu ufuasi. Siku hizi kijana mwenye baiskeli na nyumba ya mabati huniambia kwamba imani ni jambo lake na Mungu wake, watu wengine hawahusiki. Mwingine, mwenye cheti cha ubatizo ukutani, hana habari na wazazi wake aliowaacha Nyamarambe. Kwa wote wawili namkumbuka mhunzi. Yeye alielewa, hata kabla hajaweza kusoma mstari mzima, kwamba Kristo hamwiti mtu kwa kumkata na wale ambao mtu huyo amefunga nao ahadi. Walio nje hawasomi vitabu vyetu vya mafundisho. Wanatazama tunavyowatendea wake wa askari, mama wakwe na watoto wachanga, kisha wanaamua wenyewe kama tunayosema ni kweli. Somo hilo halikufundishwa kanisani na mtu mmoja. Lilihitaji mhunzi, mwalimu aliyekubali kuuliza, na mwanamke asiyesali aliyekubali kujibu.

Kikao kilifanyika Jumatano tarehe 23 Agosti 1944, wimbi likiwa limekwisha vunwa, chini ya paa la nyasi la kanisa letu. Mwalimu alisimama wa kwanza. “Nilitafsiri vibaya neno moja,” alisema, “na mzee huyu alinisahihisha mbele ya watu. Naomba jina lake lirudi.” Mwenyekiti, mzee mwenye ndevu nyeupe na masikio mazito, alimwuliza mama mkwe, aliyealikwa kikaoni, kama angekuwa na ugomvi na kanisa nikibatizwa nikiwa na ebitinge zangu. Mama mkwe alijibu kwa sauti ya kutosha masikio hayo: “Mungu wenu akimtaka na ndoa yake, sina neno. Akimtaka bila ndoa, aje aniambie mwenyewe.” Ndipo azimio likasomwa: mimi nibatizwe jinsi nilivyo, jina la mhunzi lirudishwe, na kanisa zima lisimame kuwa shahidi wa ndoa yangu mpaka mume wangu atakaporudi kutoka vitani. Walioafiki waliombwa kuinua mikono. Mkono wa mwalimu ulitangulia. Ikafuata mingine, na katikati yake ukainuka wa mama mkwe.

“Mama, wewe si mshirika,” katibu alisema kwa upole.

“Najua. Lakini mwenye ndoa ni mwanangu.”

Katibu alimgeukia mwenyekiti, kalamu hewani, akauliza auandike vipi mkono huo. Mwenyekiti alifikiri kidogo. “Andika,” alisema, “kwamba wote walikubali.”