Maziwa Machungu ya Mzee Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mgodi wa dhahabu uliofungwa nje kidogo ya Mpanda, nilikabidhiwa kiroba cha vipando nikaambiwa nipande nyasi. Nilidhani nataniwa. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe; tangu nijue kushika jembe, nyasi nazing'oa.

"Bosi, nyasi hizihizi?"

"Hizohizo, mama," alijibu Afisa Mazingira, mkuu wetu. "Na zikifa utapanda tena."

Nyie vijana mkiona kijani pale leo mnadhani ni mvua tu. Sisi tulikuta marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu, hata mchwa hautaki. Tulitandaza udongo mzuri juu yake, tukachimba makinga maji, matuta yanayokata mteremko ili mvua isikombe kila kitu, ndipo tukachomeka ukoka shina kwa shina. Ukoka hutambaa, na ukishashika, udongo hauendi popote. Nilianza kibarua, nikapandishwa kuwa nyapara wa wapalizi.

Eneo lile zamani lilikuwa malisho ya Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Aliahidiwa kwamba nyasi zikifunika ardhi na wakaguzi wakiridhika, atarudishiwa. Asiporudishiwa, ingembidi ahame tena, uzeeni. Tukiwasubiri wakaguzi, bosi alimruhusu alishe upande mmoja kwa majaribio.

Upande huo uliota mmea mgeni wenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe vya kupendeza. Nilimuuliza bosi kama tuupalilie.

"Kijani ni kijani," alisema. "Acheni, wakaguzi wanakaribia."

Wapalizi waliwashwa mikono, tukalilaumu jua.

Asubuhi moja Mzee Masanja alikuja na kibuyu. Hakusalimia, na hilo lilinishtua kabla ya kibuyu chenyewe, maana mzee yule salamu zake huwa hazina mwisho.

"Onja, mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma.

Nilionja, nikatema palepale. Maziwa machungu kama shubiri! Bosi alidhani nafanya mzaha, akapiga funda kubwa. Sijawahi kuona mtu mzima akikodoa macho vile.

"Wajukuu wangu wamegoma kunywa," alisema mzee. "Mmenipandia nini nyie?"

Bosi aliupiga picha ule mmea, akamtumia bwana shamba mjini. Jibu lilirudi tungali tumesimama: gugu karoti. Linaua malisho, linachubua ngozi, linaharibu maziwa. Tulikuwa tumelilea wenyewe, tena kwa kumwagilia.

"Tukiling'oa panabaki kipara," bosi alisema. "Wakaguzi watatukataa. Mzee, utakosa malisho msimu huu."

"Ng'oeni. Nimesubiri miaka yote hii, mvua moja itanishinda?"

Bosi ndiye aliyevaa glavu wa kwanza. Tuling'oa, tukachoma. Wakaguzi walitukataa kweli, na bosi akahamishwa. Niliumia sana siku aliyotuaga. Mvua iliyofuata ukoka ulijaza mapengo yote. Mzee akapewa ardhi yake, akaifanya ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga na kuyafungua kiangazi tu.

Mwaka huu nimestaafu. Waliniandalia sherehe ukumbini, mtaa wa Majengo, mjini Mpanda. Mzee Masanja, sasa anatembelea fimbo, alileta kibuyu. Safari hii alisalimia meza nzima. Nilionja mbele ya watu wote: matamu! Machozi yakanilengalenga, nikasimama nitoe hotuba.

"Mayu," mzee aliniita, akinyoosha fimbo kwenye meza yangu. "Hayo maua umepewa na nani?"

Nilitazama. Vimaua vyeupe, majani kama ya karoti, yamefungwa utepe mwekundu. Vijana wa ofisini waliniambia kwa furaha kwamba wameyachuma nyuma ya ukumbi, yamejaa tele.

Miaka yote ile, kumbe yananisubiri mjini! Hotuba sikuitoa. Nilivua viatu vya sherehe, nikaomba glavu, nikatoka nyuma ya ukumbi, na wageni wangu wakanifuata.