Hodi ya Fundi

Fundi wa kikundi chetu cha nyumba nafuu hapa Kwihara ni mama mwenye viganja vigumu kama gome la mninga. Kila tofali hulipapasa kabla ya kulipanga, kama anayemgusa mtoto mwenye homa. Nyumba ikishaezekwa bati, humwingiza mwenye nyumba ndani, yeye hutoka, hunawa udongo, kisha hubisha hodi. Asipokaribishwa, haondoki. Jana ilikuwa zamu ya bibi Leonia, aliyezeekea kwenye vibanda vya kuazima.

“Hodi!” fundi akabisha. “Hodi humu ndani!”

Bibi akajibu kwa woga, “Mwenyewe hayupo.”

Tulicheka mpaka machozi. Fundi hakucheka.

“Basi namsubiri,” akasema, akaketi kizingitini. Nasi tukasubiri, hadi mlango ulipofunguka taratibu.

“Karibu, fundi,” bibi akasema. “Karibu kwangu.”