Dereva Aliyefukuzwa Akabaki Kwenye Basi

Siku Mamusha alipomwona Zinash kwa mara ya kwanza, msichana huyo alikuwa akiitukana kompyuta, tena kwa sauti ya sokoni. Mamusha, mpika kahawa wa ofisi ile ya programu jijini Addis Ababa, alitaka kurudi jikoni na birika lake.

"Gashe, kaka yangu, ingia! Haing'ati."

Tangu hapo Zinash alimweleza kazi yake, programu ya tiketi za mabasi, kila alipoletewa kikombe, maana wenzake walishachoka kumsikiliza.

"Tiketi ina kiungo cha basi, basi lina kiungo cha dereva. Programu za wengine hukimbilia kwenye seva, kompyuta kuu iliyo mbali, kwa kila swali. Yangu inafuata kiungo mara moja, inaweka nakala karibu. Wewe ungekwenda dukani kwa kila kijiko cha sukari?"

"Hapana," alijibu Mamusha. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya siku.

Meneja, Ato Fikremariam, yaani Bwana Fikremariam, hakuupenda mdomo wa Zinash. Alimwambia wazi: mwenye mabasi, Ato Gudeta, akiikubali programu, Zinash atabaki, akiikataa, aende kwao.

Ato Gudeta alikuja mwaka mpya ulipokwisha kupita. Zinash akamfungulia kwenye skrini safari ya Jimma, pamoja na jina la dereva.

"Dereva Lemma?" mzee alifoka. "Nilimfukuza kabla ya mwaka mpya! Aliwapeleka abiria wangu wote kwenye harusi ya shemeji yake!"

"Walikula?" Zinash aliuliza.

"Walikula mpaka wakashindwa kushtaki!"

Meneja akaanza kuomba radhi. Zinash alikuwa ameshaliona kosa. Siku ya kutupa nakala za zamani aliiandika katika Pagume, mwezi wa kumi na tatu unaofunga mwaka wa Ethiopia, kama aandikavyo kila mtu kwao. Kompyuta inajua miezi kumi na miwili tu. Siku hiyo haikufika, nakala ya zamani ikabaki, na Lemma akaendelea kuendesha ndani ya programu.

"Gashe," aliita, "mgeni hajanywa kahawa."

Mamusha alielewa kwamba Zinash alihitaji muda. Hakuna mgeni mwenye adabu anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu. Akaosha buni upya, akazikaanga moja moja kama mtu anayezifahamu kwa majina. Meneja alimkodolea macho. Mamusha akainamia makaa, jasho likimtoka, akapuliza polepole.

Mzee alipofika kikombe cha tatu, Zinash alikuwa ameshaifundisha programu kuiuliza kwanza seva: kuna kilichobadilika? Kama hakuna, itumie nakala. Kama kipo, ikachukue kipya. Jina la Lemma likatoka, la Kumsa likaingia.

"Naichukua," alisema Ato Gudeta. "Na huyu mwenye mdomo namchukua pia. Anahitajika kwa madereva wangu."

Meneja alibaki ameshika kikombe kitupu.

Siku ya kuhama, Zinash alichungulia jikoni, mfuko begani.

"Gashe, Fikremariam akikuuliza kwa nini kahawa ilichelewa, sema makaa yalikuwa yamelowa maji. Ukishindwa kudanganya, nyamaza tu. Kwa hilo hakuna anayekuweza."