Sahihi ya Lydia

Daktari Ndeshi ni mzaliwa wa kwetu Kikatiti, na ndiye mwanamke wa kwanza niliyemsikia akiitwa daktari. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili asome. Wazee walimcheka, wakasema anaswaga ng'ombe wake kwenye zizi la ukoo mwingine.

Alifanya kazi serikalini miaka mingi. Watu binafsi waliporuhusiwa tena kuendesha hospitali, akafungua yake ndogo ya vyumba sita pale Themi, mjini. Jumapili baada ya ibada alikaa na kina mama, akiwaambia kwamba mjane hafukuzwi shambani kwake, na mwanamke anaweza kuamua mwenyewe juu ya mwili wake. Wanaume walimwita Daktari Vunja-Nyumba. Mimi ni seremala, nilimtengenezea makabati. Maneno yake niliyasikia, nikanyamaza. Mimi si mtu wa kubishana.

Mwaka 1993 mke wangu Lydia alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Nikamfikisha Themi asubuhi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mtoto amelala vibaya. Tusipompasua mama sasa, tutawakosa wote wawili."

Tangu baba afariki, mambo makubwa ya nyumbani aliyaamua kaka yangu Aminieli, naye alishasema mke wa kwetu hapasuliwi. Nikaomba niende Kikatiti nikamuulize.

"Kaka yako ni daktari?"

"Hapana. Anauza spea za baiskeli."

"Basi hatatusaidia kushona."

Akanipita, akainama kitandani. Akamweleza Lydia polepole watakata wapi, na hatari yake ni ipi. Kisha akamuuliza, "Unasemaje, mama?"

Lydia alisubiri uchungu upite. "Nipasueni. Nataka kuishi."

Daktari akamwekea karatasi ya ridhaa, akanigeukia. "Baba Stanley, shika hiyo karatasi isiteleze."

Nikaishika kwa mikono miwili. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na sikuwahi kuona anavyoandika jina lake. Aliandika Lydia Melkizedeki, jina la baba yake, herufi zimenyooka kuliko zangu. Alipomaliza, akanigusa kidole.

Kabla ya saa sita nilisikia mtoto akilia. Baadaye daktari akatoka, akasema mama naye ni mzima, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mchana Aminieli akafika. Alikuwa amepata habari kwa majirani.

"Nani ametoa ruhusa?"

Nilimtazama daktari anisaidie. Akaendelea kufuta miwani yake.

"Lydia," nikasema. "Nami niliishika karatasi."

Kaka akavua kofia.

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Nimwone basi."

"Mwenye mtoto amelala, kaka," daktari akasema. "Akiamka tutamuuliza."

Aminieli akavuta kiti, akakaa kando yangu. Tukangoja.