Nguvu za Kumnyanyua Mama

Mwaka niliojisifu sana kwa kukonda ndio mwaka nilioshindwa kumnyanyua mama yangu. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu yote inaanzia hapo, na bado haijaisha.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na stendi ya Ushirombo. Miaka kumi na tano ya kukaa kwenye stuli nikishona sare za shule na magauni ya kwaya ilinifikisha kilo tisini na moja. Presha ikapanda, daktari akanigombeza huku mlango ukiwa wazi na foleni nzima inasikia. Kwa aibu ile nikajiunga na kundi la simu la kina mama wanaopunguza mwili. Ugali nikauacha, wali nikauacha, viazi ndiyo usiseme. Asubuhi maji ya limao, mchana kabichi, jioni tango na yai moja. Wateja walipoanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, nilichukulia ni sifa. Nikapunguza magauni yangu yote, na kwa kiburi nikakata kabisa kile kitambaa cha ziada ambacho kila fundi hukiacha ndani ya mshono endapo mwili utaongezeka. Nilisema sirudi tena huko. Baada ya miezi kumi na moja mzani ulisoma sitini na mbili.

Ndipo mama akapata kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu. Tulikuwa tunaishi naye wawili tu tangu baba afariki, maana wanangu wako shule ya bweni. Alipotoka hospitali nikajua kazi ya kumtoa kitandani asubuhi na kumrudisha jioni ni yangu.

Wiki ya kwanza tu nikamwangusha. Nilikuwa namhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu ili nimtoe barazani aote jua. Nilimkumbatia, nikavuta, akanyanyuka nusu, kisha mikono yangu ikaanza kutetemeka na magoti yakakubali kuanguka kabla mimi sijakubali. Tukaenda chini wote, yeye juu yangu. Tulikaa pale sakafuni mpaka jirani aliposikia tunaita. Mama ndiye aliyecheka kwanza.

"Wewe yule wa zamani," akasema, "ungenibeba mpaka kanisani."

Mimi sikucheka. Nilitamani kulia, na nilimchukia kila mtu aliyewahi kunipongeza kwa kukonda.

Habari ikamfikia dada yangu mkubwa anayeishi Mwadui. Akapiga simu, na yeye kwenye simu huongea kama yuko mnadani, kwa hiyo mama alisikia kila neno. Alisema kama siwezi, atamchukua mama akae kwake, yeye ana watu wa kumsaidia. Atakuja Pasaka aone mwenyewe. Nilipokata simu, mama alikuwa anaangalia ukuta. Baba amezikwa nyuma ya nyumba hii. Kanisa alilobatiziwa analiona akikaa barazani.

"Nikienda Mwadui nitarudi huku ndani ya jeneza," akasema. "Tafadhali mwanangu, jitahidi."

Basi nikawa na mpaka Pasaka.

Nilienda kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mtwanga mahindi. Akanishika juu ya kiwiko akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Ulipunguza mafuta, na nyama ukaipunguza pamoja nayo," akaniambia. "Misuli haijengwi kwa maji ya limao, mama. Kula. Ongeza kila wiki kidogo, usijaze yote siku moja. Kula vya kujenga mwili, kisha nyanyua vitu vizito."

Akanifundisha kuweka mguu wangu kati ya miguu ya mama, kukunja magoti badala ya mgongo, na kumshika kiunoni kwa kitu imara. Nikamshonea mama mkanda mpana wa kaki, ile tunayoshonea kaptula za shule, wenye mishikio miwili na matundu ya kufungia mbele. Kazi ile nilijivunia. Tulianzia tundu la pili.

Kula ndiko kulikonitesa. Watu wanadhani kula ni starehe. Jaribu wewe, baada ya karibu mwaka mzima wa kuuona ugali kama adui, kuambiwa uukumbatie. Tumbo lilikuwa limesinyaa. Uji wa karanga asubuhi ulinikaa kooni. Saa nne nilikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, pamoja na karanga, mbele ya wateja, huku nimevimbiwa na naogopa kuinama kuokota uzi. Mchana ugali na dagaa, alasiri mtindi, jioni maharage na mayai mawili. Kila tonge nilisikia sauti za lile kundi la simu zikinihukumu. Kiongozi wao aliposikia ninachofanya aliniandikia mbele ya wote kwamba nimejisaliti, halafu pembeni akaniuliza kama sitanunua kopo lake la unga wa kuongeza misuli. Nikajitoa kwenye kundi bila kuaga.

Jioni nilikaa na kuinuka kwenye stuli mara thelathini, ndoo ya maji kila mkono. Kila Jumamosi nilijipima kwa futi yangu ya kazi, ile kamba ya kupimia. Futi haina huruma. Baada ya mwezi mmoja kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi mbili na mkono robo inchi, na hiyo robo nadhani nilibana futi vibaya. Magauni niliyoyakata kwa kiburi yakaanza kupasuka kwapani. Wateja nao, "Afadhali sasa umeanza kurudi." Kurudi wapi? Nilikuwa naongeza chakula ili mikono ipate nguvu, chakula kinaenda tumboni kukaa kama mgeni asiyeaga. Nilimpigia kelele yule dada wa mazoezi kwamba ananidanganya. Akaniambia mwili haufuati kalenda ya Pasaka.

Sasa niseme jambo la mama na chakula, maana hapo ndipo nilipokosea.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, ikabidi ale kwa kijiko kwa mkono wa kushoto. Kwa mwanamke aliyetuchapa sisi watoto kwa kugusa chakula kwa mkono wa kushoto, hiyo ilikuwa fedheha kuliko ugonjwa wenyewe. Alikataa kulishwa na alikataa kutazamwa. "Weka hapo, toka," alisema kila mlo, na mimi nikaweka sahani, nikaenda kukaa jikoni kupambana na ya kwangu. Nikirudi nakuta sahani imefunikwa na nyingine. Nikifunua, nusu ipo.

"Nimeshiba. Malizia wewe, si umeambiwa ule?"

Nikawa namalizia. Kwetu chakula hakimwagwi, na mabaki ya mgonjwa huliwa na anayemuuguza, nani mwingine? Mara nyingine nilikuta paja zima la kuku halijaguswa. Nilijiambia wagonjwa hawana hamu ya kula. Ukweli ni kwamba nilifurahi pia. Sahani ile ilinijazia kile kilichokuwa kimepungua kwenye siku yangu, bila kupika mara ya pili. Nilikaa pale pale kitandani kwake nikila paja lake, yeye ananitazama kwa uso wa kuridhika, ananiambia nitafune vizuri.

Kisha mambo yakaanza kwenda. Kwenye wiki ya saba nilimnyanyua asubuhi moja bila kutetemeka. Wiki ya tisa nilimnyanyua, nikamgeuza na kumkalisha kwa pumzi moja. Nilipiga kelele kama nimeshinda bahati nasibu. "Wabeja," mama akanishukuru kwa Kisukuma, na akanipigapiga mgongoni kwa mkono ule mzima. Futi bado ilisema robo inchi, nusu inchi, lakini nikaamua futi ni ya zamani imevutika. Mkanda nao tulikuwa tumefika tundu la tano, nikasema kaki hii ya siku hizi inalegea, wanatuuzia takataka. Mimi, fundi wa miaka kumi na tano, ninayemwangalia mteja anaingia mlangoni na kujua kwamba amepungua tangu sikukuu, nililaumu kitambaa.

Wiki moja kabla ya Pasaka ilikuwa siku yake ya kliniki. Nilimpakia kwenye bajaji mwenyewe, dereva akasifia. Pale kliniki mama aliweza kusimama kidogo kwa mguu mzima akishika meza, kwa hiyo wakampima. Nesi akaangalia mzani, akaangalia kadi, akaangalia mzani tena.

"Huyu bibi alitoka hospitali na kilo sitini na nane," akasema. "Leo ana hamsini na saba. Mama, unamlisha nini?"

Nikaanza kumtajia, uji, maharage, kuku. Nesi alinipandisha na kunishusha kwa macho, gauni limenibana, mashavu yamejaa. Akamgeukia mama.

"Bibi, shikamoo. Wewe huli?"

"Marahaba, mwanangu. Nakula."

"Unakula nini?"

Maneno ya mama tangu augue yanatoka polepole, na siku ile yalitoka polepole zaidi.

"Huyu alikuwa anahangaika kula ili aweze kunibeba," akasema. "Nikaona na mimi nisaidie upande wangu."

Sikumbuki vizuri nilichosema. Najua nilipaza sauti na watu kwenye mabenchi waligeuka. Nilimwambia amenifanya mwizi, amenilisha uhai wake kwa kijiko, amenifanya nisherehekee kukonda kwake. Nilimuuliza kama alitaka kufa akiwa mwepesi. Nesi akanishika bega akaniambia nitoke nje nipumue. Nilisimama kwenye jua nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niigawe vipi, nusu kwake, nusu kwangu, na kipande kwa daktari yule wa mlango wazi. Miezi mitatu nilikuwa nahesabu kila kinachoingia mdomoni mwangu, gramu kwa gramu, na sikuhesabu kijiko kimoja cha kwake.

Nyumbani nilipika ugali na dagaa wa karanga, nikaweka sahani moja tu, nikakaa mbele yake.

"Toka," akasema.

"Sitoki."

Akageuza uso. Nikachukua kijiko kwa mkono wangu wa kushoto nikaanza kula. Nilimwaga dagaa kwenye kanga yangu, nikachota tena nikamwaga tena. Mama alivumilia mara tatu.

"Acha upuuzi, unaharibu chakula," akasema, akachukua kijiko chake kunionyesha inavyofanywa. Tangu siku hiyo tunakula hivyo, mimi nikihesabu vijiko vyake waziwazi, yeye akinitukana kwa hilo. Akidai ameshiba namwambia simalizii chochote, kitamwagwa, na kwa kuwa hawezi kuvumilia chakula kumwagwa, anakula.

Dada akaja Pasaka kama alivyoahidi. Mama alikuwa amerudisha kilo moja tu. Asubuhi dada alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniambia haya, mnyanyue nione. Nikamfunga mama mkanda, tundu lile lile la tano, nikaweka mguu wangu kati ya miguu yake, nikakunja magoti. Alinyanyuka kama mtoto. Nikamgeuza, nikamkalisha, na nikampeleka barazani bila hata kuhema.

"Kumbe umepata nguvu!" dada akasema, na alimaanisha. "Basi abaki. Mimi sina neno."

Mama alinikazia macho ninyamaze. Alikuwa amepata alichokuwa anakitaka, na nilijua amekilipia kwa nyama ya mwili wake. Ningeweza kunyamaza. Sifa niliipenda, nilikuwa nimeisubiri tangu siku ile tulipokaa sakafuni.

"Usinisifu leo," nikamwambia dada. "Njoo tena mwezi wa nane, akiwa mzito."