Jina la Mula-Pas

Huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, ukimuulizia Rachidi watu watakutazama tu. Ulizia Mula-Pas, na hata muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, atakunyooshea kidole: yule pale karibu na kivuko, anayeziba matairi. Mkewe ni Mama Mula-Pas. Watoto wake wanne huitwa hivyo hivyo shuleni. Mwaka jana binti yake mkubwa alipoposwa, mjomba wa mwoaji aliuliza, mbele ya sahani za wali, kama ukoo huu unakula chuma au unakula chakula kama watu wengine. Wageni wakaangua kicheko. Rachidi naye alicheka kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, lakini ule wali ulimkwama kooni na mpaka leo haujashuka.

Pas ni ile mistari ya kuzunguka iliyochongwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, pale gia inapojifunga. Ukiilazimisha gia ikaingia kombo, mistari inalika, kitovu kimekufa, na mwenye baiskeli anarudi kwao Opala kwa miguu na magunia yake ya makaa. Ndiyo maana mafundi wa kivukoni wana sheria yao. Fundi akiua kitovu mbele ya mashahidi watatu, anapewa jina la Mula-Pas, yaani mla mistari, na analibeba mpaka mwenzake mwingine aharibu. Muda wote huo haruhusiwi kufunga gia ya gurudumu litakalobeba mzigo wa watu. Ajaze upepo, azibe, apake mafuta mnyororo, basi.

Zamani jina lilikuwa halikai. Lilizunguka kama homa, mwezi huu kwako, mwezi ujao kwangu. Lakini lilipofika kwa Rachidi likaganda, kwa sababu mafundi wote walishaona linavyochoma. Tangu hapo anayeharibu huharibu kimyakimya, akakitupa kitovu mtoni na kumwambia mteja kwamba kilikuwa kibovu tangu awali. Rachidi aliwajua wote waliofanya hivyo. Eddy peke yake amezamisha vitovu visivyopungua vitatu.

Na aliyempa jina hilo ni Papa Lambert. Wakati ule Rachidi alikuwa akifanya kazi chini yake. Asubuhi moja alikuta gurudumu la mwalimu Wenceslas kwenye meza, gia imeshaingizwa mzunguko mmoja na nusu. Lambert akamwambia, "Maliza kufunga, mwalimu anangoja." Rachidi akakaza. Kitu kikalia ndani, na gia ikatoka mkononi na vumbi la chuma. Akasema, mbele ya watu wote waliokuwa pale, kwamba pas ya kitovu kile haikuwa ya kawaida, kwamba gia ilikuwa imeshaanza vibaya. Lambert hakupandisha hata sauti.

"Pas iko pas," alisema. "Hakuna pas ya huyu na pas ya yule. Kijana ana mikono ya kuua, bon, tumupe jina yake."

Miaka kumi na mmoja. Mimi ningekuwa Rachidi ningehamia Kisangani mjini, ng'ambo ya kulia, nikauze sigara. Yeye alibaki palepale, hatua ishirini kutoka benchi la Lambert, akiziba matairi na kumtazama mzee yule akinenepa. Alimchukia kwa utaratibu, kila siku, kama mtu anavyopiga mswaki. Hakumwombea kifo. Alichotaka ni kulitoa lile jina mgongoni mwake na kulitia mgongoni mwa Lambert, basi.

Gurudumu lilimjia mwezi wa tatu. Karima, mwanamke wa sokoni mjini anayenunua marobota ya mitumba kutoka Ulaya, hupata humo baiskeli zilizovunjwa vipandevipande. Rachidi alikuwa akitafuta ringi tu. Akaliona gurudumu la nyuma la aluminiamu, jepesi ajabu, kitovu chake kina masikio mapana yenye matundu makubwa, maandishi yamesuguliwa yakabaki herufi nne: ANCE. Gia yake ya zamani ilikuwa bado imo, meno yamechongoka. Alilinunua bila kubishana bei, jambo ambalo Karima alilistaajabia.

Nyumbani alifungua ile gia ya zamani, akafuta grisi iliyokauka kwa mafuta ya taa. Kisha akachukua gia mpya ya Kichina, kama zile zinazofungwa kwenye baiskeli zote za Lubunga, akaijaribu kwa vidole tu. Mzunguko wa kwanza ukaingia laini. Wa pili mzito. Alipofika nusu ya tatu ikagoma, na hapo akaacha. Aliitoa taratibu. Akatafuta ekseli ya kale ambayo aliijua mistari yake imepishana kwa milimita moja kamili, akailaza juu ya pas ya kitovu na kuviinua vyote viwili kwenye mwanga wa mlango. Vikaumana mwanzo hadi mwisho, hapakupita hata uzi wa mwanga. Akailaza ekseli ileile kwenye pas ya kitovu cha kawaida: mistari ya mwanzo ikakaa, iliyofuata ikapanda juu ya migongo ya wenzake.

Ilikuwa pas ya Kifaransa, ya milimita moja, ileile iliyogoma kwenye gurudumu la mwalimu. Rachidi aliketi sakafuni akacheka peke yake mpaka mkewe Aïcha akaja kuangalia kuna nini.

"Nimemupata," alimwambia.

"Nani?"

"Lambert."

Aïcha alitazama gurudumu, akamtazama mumewe. "Basi umupate muzuri," akasema. "Mi nimechoka kuitwa lile jina kwa kisima."

Alhamisi mafundi hukutana wote kivukoni, mwenyekiti wao ni Papa Issa. Rachidi alikuja na gurudumu limeng'arishwa na ile gia ya Kichina mfukoni. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Lambert alikuwa na tabia moja inayojulikana: gia ikigoma, anapaka sabuni na kuongeza nguvu. Hajawahi kurudi nyuma mbele ya watu.

"Papa Lambert," Rachidi alisema kwa heshima zote, "hii gurudumu nataka kuiuzisha kwa mutu wa barabara ya Opala. Miye siko na ruhusa ya kufunga gia. Naomba unisaidie na mukono yako."

Mzee alifurahi. Alilipokea mapajani, akaiweka gia, akazungusha. Moja. Watu wakaendelea na mazungumzo yao. Mbili. Rachidi alikuwa ameanza kuonja utamu ulimini. Sabuni ilikuwa palepale kwenye benchi.

Lambert akaacha kuzungusha. Aliitoa gia, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mistari ya kitovu, polepole, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akamtazama Rachidi na kutabasamu kwa meno yote aliyobakiza.

"Ulitaka kunikamata," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hii iko pas ya Wafaransa. Milimita moja. Gia ya Chine haiwezi kuingia, itakula kitovu. Unazani Lambert atakufa kijinga?"

Mafundi wakacheka, na Rachidi akaona kila kitu kimemponyoka. Kwa pumzi mbili tatu alikuwa tena mjinga wa kivuko, aliyetega akanaswa. Halafu yale maneno yakarudi kichwani mwake, moja moja, naye akayasikia vizuri.

"Papa Lambert," akauliza taratibu, "hiyo mambo umeijua tangu lini?"

"Tangu zamani. Mbele weye kuzaliwa. Papa yangu alikuwa na velo, baiskeli ya Wafaransa, nimefunga gia yake mara mia." Kiburi kilikuwa kimemjaa, hakuweza kunyamaza.

"Donc, basi, siku ya gurudumu ya mwalimu, ulijua."

Kicheko kilikatika. Eddy aliangalia chini. Papa Issa, ambaye miaka kumi na mmoja nyuma ndiye aliyeshuhudia na kuitikia kwa kichwa, alisogeza kiti chake mbele.

"Pas iko pas," Issa alisema. "Ni weye ulisema. Miye nilikuwepo. Nani aliingiza ile gia mara ya kwanza, Lambert?"

Mzee alilishika gurudumu kama mtu anayeshika sahani asiyojua aiweke wapi. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni yeye, jioni ya kuamkia siku ile. Alikuwa amelewa kidogo. Alipohisi imegoma alijua kosa lake, na alijua mwalimu atakuja na mashahidi. Alikuwa na jina kubwa, na Rachidi alikuwa kijana, basi akamwachia amalize. Alidhani litakaa mwezi, miezi miwili.

Issa alitoa hukumu papo hapo: jina linahama. Ila sheria yao inampa aliyedhulumiwa nafasi ya kusamehe, na akamgeukia Rachidi. "Papa Lambert iko na miaka makumi saba na moja. Ukisema tumuache, tutamuacha."

Wote walimngoja. Rachidi hakuwa na haraka. Aliichukua gia ya zamani iliyokuja na gurudumu, akaitia grisi, akaifunga kwa vidole viwili mpaka mwisho bila kelele, mbele ya macho yao, kazi ya kwanza ya namna hiyo tangu alipotiwa aibu.

"Abebe," alisema. "Miaka kumi na moja, kama miye."

"Rachidi," Lambert alinong'ona, "miye sitafika miaka kumi na moja."

"Basi batoto yako watamalizia."

Hakuna aliyecheka. Lambert aliinuka akaanza kukusanya spana zake. Rachidi alimtazama mpaka spana ya mwisho. Alikuwa na furaha, furaha nzito ya kushiba, wala hakuona haya hata kidogo.